Kupiga Kura Katika Jimbo la Virginia

Wadogo zangu mlioko madarasani, na wenzangu tuliokwisha kutoka,

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike habari za uchaguzi huko ninakokaa. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nimekaa Marekani miaka mingi, nami ni raia wa huko. Kazi yangu ya kila siku ni nyingine, lakini siku za uchaguzi huapishwa pamoja na majirani zangu tuwe wasimamizi wa kituo cha kupigia kura katika jimbo la Virginia. Basi mengi nitakayoyaeleza ni mambo ninayoyafanya kwa mikono yangu.

Najua kwamba magazeti yetu huandika sana habari za kumchagua Rais wa Marekani. Leo sitazigusa habari hizo. Nataka kueleza uchaguzi wa jimbo, ambao watu wengi, hata wenyeji wa huko, huudharau. Nina sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, wengi wenu mna ndugu waliohamia Marekani, au mtahamia wenyewe, na mtu asiyejua nani aruhusiwa kuandikwa katika daftari la kura aweza kupata hasara isiyofutika. Pili, mtu akifuata safari ya kura tangu daftari mpaka hesabu, atajua mambo gani ya kuangalia popote atakapokuwa, hata kwao.

JIMBO NI NINI?

Marekani ina majimbo 50. Jimbo la huko si kama wilaya yetu, ambayo hupokea amri kutoka mji mkuu. Kila jimbo lina katiba yake, Gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Mambo ya shule, barabara, magereza, leseni, na sehemu kubwa ya sheria za jinai huamuliwa na jimbo. Hata sheria za kupiga kura zenyewe, nyingi ni za jimbo. Kwa hiyo mtu akihama kutoka jimbo moja mpaka jingine hukuta taratibu nyingine. Haya ninayoyaandika ni ya Virginia; mwenye ndugu Texas au Maine asimfundishe haya bila kuuliza kwanza.

Virginia iko ng'ambo ya mto Potomac ukitoka Washington, na mji wake mkuu ni Richmond. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuwa na watu 8,631,393. Wamo Waafrika wengi wa Mashariki na wa Kati. Wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makao katika miji kama Roanoke, Harrisonburg na Charlottesville, na huko waweza kukisikia Kiswahili dukani na kanisani.

Bunge la Virginia lina nyumba mbili. Moja ni Baraza la Wajumbe, lenye watu 100 wanaochaguliwa kila miaka 2. Nyingine ni Seneti, yenye watu 40 wanaochaguliwa kila miaka 4. Gavana, Makamu wa Gavana na Mwanasheria Mkuu huchaguliwa kila miaka 4, na Gavana akimaliza muda wake hawezi kuongeza wa pili papo hapo.

Jambo la kuangalia sana ni mwaka wenyewe. Rais wa Marekani huchaguliwa katika miaka kama 2020 na 2024, bali Gavana wa Virginia huchaguliwa mwaka unaofuata, yaani 2021 na 2025. Siku ni ile ile, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, lakini kelele zimepungua, na watu wengi waliomchagua Rais mwaka uliotangulia hubaki nyumbani. Hudhani kazi imekwisha. Kumbe wale watakaoamua habari za shule ya mtoto wao ndio wanaochaguliwa sasa. Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2018 bunge la jimbo lilikubali, baada ya kubishana miaka mingi, kupanua bima ya matibabu kwa watu wenye kipato kidogo, na mpango huo ulianza tarehe 1 Januari 2019. Mabaraza ya Washington yalikwisha kufungua njia tangu zamani, lakini mlango wa Virginia ulifunguliwa na wajumbe wa Virginia.

Katika uchaguzi wa Novemba 2025, Bi. Abigail Spanberger alichaguliwa kuwa Gavana, mwanamke wa kwanza katika cheo hicho tangu jimbo lianze. Makamu wake aliyechaguliwa siku hiyo, Bi. Ghazala Hashmi, alizaliwa India akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo.

HAKI HII ILIVYOPATIKANA

Wadogo zangu wanaosoma historia wataukumbuka mwaka 1619. Mwezi Julai mwaka huo, walowezi wa Kiingereza wa Virginia walikusanyika Jamestown katika baraza lao la kwanza la wajumbe waliochaguliwa. Mwezi uliofuata, jahazi lilitia nanga karibu na hapo likiwa na Waafrika zaidi ya 20, mateka waliotekwa kutoka nchi za Angola, nao wakauzwa. Basi kura na utumwa viliingia Virginia mwaka mmoja.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, na mwaka 1870 Katiba ya Marekani ilikataza mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake. Waafrika wa Virginia walipiga kura, wakachaguliwa, wakakaa bungeni. Lakini mwaka 1902 wakubwa wa jimbo waliandika katiba mpya, nao hawakuipeleka kwa wananchi waipigie kura, waliitangaza tu. Ndani yake waliweka kodi ya kichwa. Kila anayetaka kupiga kura ilimpasa kulipa dola 1 na senti 50 kwa mwaka, tena awe amelipa ya miaka 3 iliyotangulia, na malipo yawe yamekwisha miezi 6 kabla ya uchaguzi. Fikirini mtu maskini: wakati ambao hakuna hata mgombea anayejulikana, yeye atoe dola 4 na nusu apate ruhusa ya kusema neno lake miezi 6 mbele. Zaidi ya hayo, aliyetaka kuandikwa alipewa kazi ya kuandika maombi yake kwa mkono wake mwenyewe bila kusaidiwa. Karani aliyetaka kumkataa mtu hakukosa sababu. Sheria haikutaja rangi, lakini kazi yake ilijulikana na wote, na watungaji wengine wa katiba hiyo waliisema waziwazi. Wazungu maskini pia walifungiwa nje pamoja na Waafrika.

Mwaka 1964 Katiba ya Marekani iliongezwa neno la kukataza kodi ya kichwa katika uchaguzi wa Rais na wa wabunge wa Washington. Virginia ikatii kwa kuchelewa, lakini ikaishika kodi yake katika uchaguzi wa jimbo, kwa kuwa neno lile halikutaja majimbo. Ndipo walipotokea wanawake wawili. Bi. Evelyn Butts wa Norfolk alikuwa mshona nguo. Bi. Annie Harper wa wilaya ya Fairfax alikuwa amestaafu kazi ya utumishi wa nyumbani. Kila mmoja alishtaki kwa upande wake, kisha kesi zao zikaunganishwa. Tarehe 24 Machi 1966 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, mahakimu 6 kwa 3, kwamba jimbo halina ruhusa ya kumtoza mtu fedha ndipo apige kura, maana utajiri wa mtu haupimi akili yake ya kuchagua. Tangu siku hiyo kodi ya kichwa ya kura ilikufa Marekani nzima.

Mwanasheria aliyesimama mbele ya mahakama hiyo kwa upande wa Serikali ya Marekani, kuwaunga mkono wanawake hao, alikuwa Thurgood Marshall. Jina hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1960 yeye ndiye aliyewashauri viongozi wa Kenya kule London walipokuwa wakizungumza habari za katiba yao.

Nimerefusha habari hii kwa makusudi. Wazee wetu waliona mambo ya namna hiyo hiyo. Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Kenya mwaka 1957, mtu aliweza kupewa kura moja, au mbili, au tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake na utumishi wake, na wengine hawakupewa hata moja. Tanganyika mwaka 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na elimu, au kipato, au cheo fulani, kisha achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwa hiyo kijana anayesema daftari la kura ni karatasi tu, hajui ni watu wangapi walizuiliwa wasilifikie.

NANI ARUHUSIWA KUANDIKWA?

Anayetaka kuandikwa Virginia yampasa awe na haya:

1. Awe raia wa Marekani.
2. Awe mkazi wa Virginia, tena asiwe ameandikwa kupiga kura katika jimbo jingine.
3. Awe na miaka 18. Aliye na miaka 17 aweza kuandikwa iwapo atatimiza 18 kufikia uchaguzi mkuu wa Novemba unaokuja.
4. Asiwe amenyang'anywa haki hiyo na mahakama au kwa hukumu ya kosa kubwa la jinai, bila kurudishiwa.

Wenzangu mlioko ng'ambo, someni tena sharti la kwanza. Mtu mwenye ruhusa ya kudumu ya kuishi Marekani, ile kadi ya kijani, si raia. Analipa kodi, watoto wake wanasoma shule za jimbo, huenda hata anatumikia jeshi. Lakini si raia, wala haruhusiwi kuandikwa. Mkimbizi pia, na mwanafunzi mwenye viza, ni vivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo akipiga kura katika uchaguzi wa Rais au wa Bunge la Washington amevunja sheria ya taifa, na akijidai kuwa raia ili aandikwe aweza kufungwa, kunyimwa uraia aliokuwa akiungojea, na kurudishwa alikotoka. Hakuna anayeuliza kama alikuwa na nia njema.

Hatari hii haiji kwa mlango wa mbele. Tangu mwaka 2020, mtu anayekwenda kuchukua leseni ya gari Virginia huandikwa pia katika daftari la kura iwapo anafaa na hakukataa. Mbele yake patatokea maswali, mojawapo likiuliza kama yeye ni raia. Mgeni aliyechoka, ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo, na foleni nyuma yake ni ndefu, hutaka kujibu ndiyo kwa kila kitu aondoke. Asifanye hivyo. Asome polepole, aulize, na kama si raia ajibu kwamba si raia. Vilevile sokoni na penye mikutano hupita vijana wenye karatasi za kuandikisha watu, wakimwambia kila apitaye, "Tia sahihi hapa, ni haki yako." Wanasema kwa wema, lakini hawajui hali ya kila mtu. Sahihi ni ya mwenye kuiweka, na hasara ni yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwenye kadi ya kijani aghalabu hungoja miaka 5 ndipo aombe uraia. Hufanya mtihani wa Kiingereza na wa habari za serikali, kisha hula kiapo. Akishakula kiapo, hapo sasa neno langu linageuka: asikae hata juma moja bila kuandikwa. Nimewaona waliongoja uraia kwa subira kubwa, kisha wakaacha chaguzi mbili tatu zipite kwa kusema wana kazi nyingi.

JINSI YA KUANDIKWA

Virginia ina wilaya 95 na miji 38 inayojitegemea, jumla 133, na kila moja ina Karani Mkuu wa Daftari. Mtu aweza kuandikwa kwa kwenda ofisini kwa karani huyo, au kwa kupeleka fomu kwa posta, au kwa intaneti, au pale penye leseni kama nilivyoeleza. Huandika jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba yake ya hifadhi ya jamii, na mahali anapokaa. Hatozwi hata senti. Wala daftari la Virginia halimwulizi mtu chama chake.

Mahali pa kukaa ndipo penye uzito. Si sanduku la posta. Ni nyumba anamolala. Jimbo limekatwa katika sehemu za wajumbe, na mpaka waweza kupita katikati ya mtaa, hata jirani wa upande huu akapewa karatasi moja na wa upande ule akapewa nyingine. Katika uchaguzi wa mwaka 2017, karibu na mji wa Fredericksburg, watu wasiopungua 147 walipewa karatasi zisizo zao kwa kuwa daftari liliwaweka upande usio wao wa mpaka. Katika sehemu mojawapo iliyoguswa, mjumbe alishinda kwa kura 73 tu baada ya hesabu ya pili. Kwa hiyo aliyehama nyumba, ijapokuwa amehamia njia ya pili, na amwarifu karani. Aliyeandikwa zamani naye alitazame jina lake kabla ya kila uchaguzi, alione kama liko na kama anuani ni sawa. Ni kazi ya dakika chache.

Iko siku ya mwisho ya kuandikwa kabla ya uchaguzi, nayo hutangazwa. Sheria yake imebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo mtu asitegemee aliyoyasikia mwaka jana. Aliyechelewa asikate tamaa. Tangu Oktoba 2022 mtu aweza kuandikwa hata siku yenyewe ya kura, kwa kufika mwenyewe. Ila kura yake hutiwa katika bahasha ya peke yake, ichunguzwe kwanza kama anafaa, ndipo ihesabiwe.

SIKU YA KURA

Si lazima kungoja Jumanne ile. Kuanzia siku 45 kabla yake, mpiga kura aweza kwenda kwa karani wa wilaya yake akapiga kura mapema, bila kuulizwa kwa nini. Aweza pia kuomba karatasi kwa posta. Watu wa zamu za usiku, na kina mama wenye watoto wachanga, hufanya vema kutumia njia hizi.

Sisi wasimamizi, siku yenyewe hufika saa 11 alfajiri. Kabla ya mlango kufunguliwa, mashine ya kuhesabia hutoa karatasi ndefu inayoonyesha kila mgombea ana sifuri, nasi sote twaitia sahihi. Wasimamizi hutoka katika vyama vyote viwili vikubwa, na mawakili wa vyama huruhusiwa kusimama ndani watazame. Saa 12 kamili asubuhi mmoja wetu hutangaza kwamba kituo kimefunguliwa.

Mpiga kura akifika, nje atakutana na watu wanaogawa vikaratasi vya wagombea. Hawaruhusiwi kuja karibu zaidi ya futi 40 kutoka mlangoni. Akiisha kupita hapo, hakuna ruhusa ya mtu yeyote kumshawishi.

Mezani ataulizwa jina lake kamili na mahali anapokaa, naye atajibu. Wengine hukasirika wakisema, "Si unanijua? Mimi ni jirani yako!" Namjua, lakini sheria ni moja kwa jirani na kwa mgeni. Kisha huonyesha kitambulisho. Tangu mwaka 2020 si lazima kiwe na picha. Hata barua ya benki au ankara ya umeme yenye jina na anuani yake yafaa. Asiye na kitu aweza kutia sahihi tamko kwamba yeye ndiye huyo aliyeandikwa, naye akisema uwongo ni kosa kubwa. Asiyetaka hata hilo hupewa karatasi ya kutiwa katika bahasha, naye ana muda mpaka saa 6 mchana siku ya Ijumaa kuleta kitambulisho.

Halafu hupewa karatasi ya kura. Virginia iliacha mashine za kugusa kioo mwaka 2017, kwa kuwa hazikuacha karatasi ya kuhakikisha. Sasa kila kura ni karatasi. Mpiga kura huenda penye kizuizi ambapo hakuna anayemwona, huchukua kalamu, na kujaza wino katika kiduara kilicho kando ya jina analolitaka. Akijaza viwili mahali panapotakiwa kimoja, kura ya cheo hicho haihesabiwi. Akikosea asifute, asikate, wala asiandike maneno. Arudi mezani aombe karatasi nyingine. Ile ya kwanza itaandikwa kuwa imeharibika na kuwekwa mbali. Hakuna aibu katika hilo. Akiwa ameridhika, huitia mwenyewe katika mashine inayosoma karatasi, na karatasi huanguka katika sanduku lililofungwa.

Asiyeona, au asiyejua kusoma, au mwenye kilema aweza kusaidiwa na mtu amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mzee wa miaka 65 au zaidi, au mtu mwenye kilema, aweza kupelekewa karatasi nje ndani ya gari lake.

Saa 1 usiku twafunga. Aliyekuwa amekwisha kusimama katika mstari saa hiyo hupiga kura yake, hata kama mstari ni mrefu. Kisha twalinganisha hesabu: watu waliotiwa alama katika daftari ni wangapi, na karatasi zilizopita katika mashine ni ngapi. Zikitofautiana, twatafuta sababu na kuiandika kabla ya kwenda kulala. Mashine hutoa matokeo, twayatia sahihi, na karatasi zenyewe hufungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa karani wa mahakama, zikae tayari iwapo kutakuwa na hesabu ya pili.

KARATASI MOJA YA NEWPORT NEWS

Sasa nitaeleza kisa kilichotokea kweli. Tarehe 7 Novemba 2017, katika sehemu ya 94 ya Baraza la Wajumbe, mji wa Newport News, walishindana Bw. David Yancey wa chama cha Republican na Bi. Shelly Simonds wa chama cha Democratic. Hesabu ya kwanza ilimpa Bw. Yancey ushindi wa kura 10. Bi. Simonds akaomba hesabu ya pili, kama sheria inavyoruhusu tofauti ikiwa ndogo. Tarehe 19 Desemba karatasi zilihesabiwa upya, na mambo yakageuka: Simonds 11,608, Yancey 11,607.

Ilikuwako karatasi moja iliyowekwa kando. Mwenye kuipiga alikuwa amejaza viduara vyote viwili, cha Simonds na cha Yancey, kisha akapitisha mstari juu ya kile cha Simonds. Kesho yake mahakimu watatu waliichunguza wakaamua kwamba nia yake ilikuwa kumchagua Yancey. Hesabu ikawa 11,608 kwa 11,608.

Sheria ya Virginia yasema kura zikilingana, kura ya bahati ipigwe. Tarehe 4 Januari 2018, huko Richmond, majina mawili yaliwekwa ndani ya vikopo vidogo, vikopo vikatiwa katika bakuli, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachukua kimoja. Jina lilikuwa la Yancey. Kwa jina hilo chama chake kilibaki na wajumbe 51 kwa 49. Lingetoka lile jingine, wangekuwa 50 kwa 50, na hakuna chama ambacho kingelitawala Baraza peke yake. Mwaka 2019 wawili hao walishindana tena, na Bi. Simonds akashinda.

Fikirini watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyeandikwa katika daftari, naye siku ile akabaki nyumbani. Katika mji mzima bila shaka walikuwako maelfu wa namna yake. Mmoja wao angefika, pasingekuwa na bakuli. Wa pili ni yule mwenye karatasi ya viduara viwili. Yeye hakuwa mvivu. Alifika, akasimama mstarini, akachagua. Alikosea, kama mtu yeyote awezavyo kukosea. Ila hakurudi mezani kuomba karatasi nyingine, na jambo alilokuwa nalo moyoni ikabidi libishaniwe na mahakimu. Daktari wa watu, mwalimu wa watoto, wazee wasio na bima, wote walingojea kikopo kitoke katika bakuli.

Ndiyo sababu katika kituo chetu huwaambia wapiga kura neno hilo hilo kila saa: "Ukikosea, rudi." Na nanyi wadogo zangu, siku itakapofika ya kuandikwa katika daftari la nchi yenu, nendeni mapema, someni kila swali kabla ya kujibu, litazameni jina lenu, na karatasi ya kura muishike kama mnavyoishika karatasi ya mtihani. Haba na haba hujaza kibaba, nayo kura ni haba moja. Lakini kibaba cha Newport News kilipungukiwa hiyo hiyo moja.

MASWALI

1. Kwa nini kodi ya kichwa iliendelea katika uchaguzi wa jimbo la Virginia baada ya mwaka 1964, na nani waliiondoa?
2. Ndugu yako mwenye kadi ya kijani amekuandikia kwamba ameletewa fomu ya kuandikwa kupiga kura. Mwandikie barua ya mistari 10 umshauri.
3. Ni mambo gani yanayofanywa kabla ya kituo kufunguliwa na baada ya kufungwa, ili mtu asiweze kuongeza au kupunguza kura? Yalinganishe na yanayofanywa katika nchi yako.
4. Jadilianeni darasani: kura zikilingana, je, ni haki kuamua kwa bahati, au uchaguzi urudiwe?